MAFUTA YA MOTERI YAKIPANDA PEKE YAKE, TAFUTA SABABU MBELE YA KUWASHA



Kila asubuhi unachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya moteri. Ukikuta mafuta yamepungua, unajua la kufanya: unaongeza. Lakini ukikuta yamepita alama ya juu, na hakuna mtu aliyeongeza, utafanya namna gani? Wengine hufurahi. Husema: "Moteri hii ni nzuri, hainywi mafuta." Kisha wanawasha na kwenda kulima. Hapo ndipo hatari inapoanza. Moteri haizai mafuta. Kama yameongezeka, yametoka mahali fulani, na ni kazi yako kujua ni wapi.

Yanapita wapi?

Kwenye trakteri nyingi za zamani, pompi ya mafuta ya idroliki, yaani mafuta yanayoinua jembe na kusaidia usukani, imefungwa kwenye moteri yenyewe. Magurudumu ya meno ya moteri ndiyo yanayoizungusha. Mhimili wa pompi unapita katikati ya mafuta mawili: upande huu ya idroliki, upande ule ya moteri. Kinachoyatenga ni pete ya mpira tu. Miaka ikipita, mpira unakauka na mhimili unalika. Mafuta ya idroliki yanapenya kidogo kidogo mpaka kwenye karteri, lile sanduku la mafuta chini ya moteri. Chini ya trakteri huoni hata tone moja.

Kwa hiyo jiulize kwanza: pompi ya trakteri yangu iko wapi? Ford 5000, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, ina pompi iliyofungwa kwenye moteri. Ugonjwa huu unaweza kuipata. Massey Ferguson 135 ni tofauti: pompi yake ya kuinua imo ndani ya sanduku la nyuma, mbali na moteri. Lakini kama usukani wake unasaidiwa na mafuta, angalia pompi ndogo ya usukani, kwa maana hiyo hufungwa mbele kwenye moteri.

Wezi ni watatu

Usikimbilie kufungua pompi. Vitu vitatu vinaweza kuingia katika karteri.

Maji. Mafuta yanakuwa meupe kama chai ya maziwa, na maji ya radiateri yanapungua.

Mazutu. Mafuta yanakuwa mepesi na yananuka mazutu. Weka tone moja juu ya karatasi nyeupe, ungoje. Mafuta yatabaki katikati, mazutu yatatambaa na kufanya duara pana pembeni. Mazutu hutoka kwenye pompi ndogo inayoyavuta kutoka tanki kama mpira wake umepasuka, au kwenye pompi ya enjeksyo, au kwenye enjekteri inayovuja.

Mafuta ya idroliki. Hayageuzi mafuta ya moteri kuwa meupe, wala hayanuki mazutu. Alama yake ni moja: tanki la idroliki linashuka, na nje hakuna kinachovuja. Tena, trakteri nyingine hutumia mafuta ya namna moja pande zote mbili. Hapo macho na pua havisaidii kitu. Kipimo peke yake ndicho kitakachosema kweli.

Namna ya kupima

1. Simamisha trakteri mahali palipo sawasawa. Shusha jembe mpaka chini, zima moteri, ungoje ipoe. Kila utakapopima, jembe liwe chini vilevile, kwa sababu mkono wa kuinua ukiwa juu unashika mafuta mengi na tanki litakudanganya.

2. Mwaga mafuta yote ya moteri, badilisha filtri, tia mafuta mapya mpaka alama ya juu, usipite. Jaza tanki la idroliki mpaka alama yake.

3. Andika katika daftari: tarehe, masaa ya trakteri, kipimo cha moteri, kipimo cha idroliki.

4. Fanya kazi saa moja au mbili, ukiinua na kushusha jembe mara nyingi. Rudi mahali palepale, zima, ungoje, upime tena pande zote mbili. Kama mafuta ya moteri yamepita alama ya juu, usiendelee. Kama bado, rudia mpaka mwisho wa zamu.

5. Linganisha. Tuseme moteri imepanda litre moja na idroliki imeshuka litre moja: mwizi amejulikana. Moteri imepanda lakini idroliki haikushuka? Rudi kwa mazutu na maji. Idroliki imeshuka lakini moteri haikupanda? Tafuta mahali pengine: mabomba, mikono ya kuinua, au sanduku la nyuma.

Ewe fundi, pete mpya peke yake haitoshi. Pitisha ukucha juu ya mhimili: kama kuna mfereji, pete mpya nayo italika upesi. Shika mhimili uutikise: kama unacheza, tazama beringi. Angalia kama bomba linalorudisha mafuta limeziba, kwa maana mafuta yakikosa njia ya kurudi husukuma pete mpaka inatoka. Pompi nyingine zina pete mbili na tundu dogo katikati ili mafuta yanayovuja yatoke nje yaonekane. Tundu hilo likizibwa na udongo au rangi, mafuta yanashika njia ya moteri. Lisafishe. Ukimaliza, mwaga tena mafuta ya moteri na ubadilishe filtri.

Hatari ya kwanza: moteri isiyokubali kuzimwa

Mafuta yakizidi katika karteri, mhimili mkubwa unayapiga mpaka yanakuwa povu, na povu halilindi chuma. Kisha mafuta yanapanda kandokando ya pistoni na kuingia mahali pa kuwakia. Moteri ya mazutu haichagui: mafuta hayo nayo inayachoma. Utaona moshi mwingi, utasikia moteri ikiongeza mbio bila wewe kuigusa. Unakata mazutu, lakini haizimi, maana imepata chakula kingine. Inaweza kuzunguka mpaka ivunjike na kurusha vipande vya chuma.

Ikitokea, vuta kizimio mara moja na uondoe watu wote. Kinachoweza kuizima ni kukosa hewa: aliyefundishwa, kama anafika bila hatari, aufunike mlango wa hewa kwa ubao mnene, au apulize humo kizima-moto cha gesi ya kaboni. Usiweke mkono kamwe, wala kitambaa, wala koti, vitavutwa ndani. Kama huwezi kufika, kaa mbali. Moteri inanunuliwa, mtu hanunuliwi.

Hatari ya pili: mkono wako

Magurudumu ya gari dogo yana nguvu ya kilo 2 hivi kwa sentimeta mraba. Idroliki ya trakteri hufika kilo 150, hata 200. Mafuta yakitoka katika tundu jembamba kama unywele, yanatoboa glavu na ngozi. Usitafute mvujo kwa vidole. Tumia kipande cha karton. Mbele ya kufungua bomba lolote, shusha jembe, zima moteri, uchezeshe fimbo ya idroliki ili nguvu iishe.

Kidonda chake ni kama mchomo wa mwiba, na mwanzoni hakiumi sana. Mwenzako akisema "Si kitu, nitaona kesho", usimsikilize. Ndani nyama inaharibika, na kukawia kunaweza kumpotezea kidole au mkono mzima. Mpeleke hospitali saa ileile, na mwambie daktari: "Mafuta ya idroliki yameingia kwa nguvu."

Neno kwa shefu wa ekipe

Katika Katanga mvua kubwa huanza karibu na Novemba, na hapo kila mtu anataka trakteri ilime. Ndiyo maana wengine husema: "Tumwage litre moja kila asubuhi, tuendelee." Kufanya hivyo ni kuficha ugonjwa. Pete iliyoacha kidogo leo inaweza kuacha kabisa kesho katikati ya shamba, na tanki zima likaingia katika moteri kwa zamu moja. Trakteri hiyo isimame, na daftari liandikwe sababu.

Dereva apime mbili pamoja, moteri na idroliki, kila asubuhi. Kipimo kikipanda bila mkono wa mtu, usiwashe. Mwite fundi.