Kabla hujamtajia mteja nauli ya boda, uliza njia

Leo naongelea kitu kilichokuwa kinanila hela bila mimi kushtuka: barabara za mtaani.

Duka langu liko Sinza. Nauli nilikuwa naikadiria kwa jicho tu kwenye ramani ya simu. Siku moja nikapata oda mbili za Goba. Kwenye ramani wateja hao ni kama majirani wa kuombana chumvi, nikasema boda mmoja, safari moja, kila mtu 5,000. Kumbe katikati kuna korongo na hakuna daraja! Boda akamaliza wa kwanza, akarudi mpaka lami, akazunguka upya, akakuta njia imeishia kwenye ukuta wa mtu. Wa pili alikuwa anasubiri gauni la harusi ya jioni ileile. Lilifika saa tatu usiku. Nikarudisha 45,000 na boda nikamuongezea.

Nilipotulia nikaelewa. Sinza ni viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970, mitaa inakutana. Kariakoo ndo kabisa, kila kona njia panda, huku kukifungwa unapita kule. Ila Dar imetoka watu kama milioni 2.5 mwaka 2002 hadi zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022, na wengi wamejenga pembeni, wakifuata barabara kubwa za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Huko mtu anauza shamba vipande vipande, kila mnunuzi anaacha kinjia cha kufika kwake basi. Ukitaka kwenda mtaa wa pili, unarudi barabara kubwa kwanza. (Vibao vya anwani za makazi vinasaidia, lakini kibao hakikwambii kama njia inatokea upande wa pili.)

Siku hizi mteja wa pembeni namuuliza: lami inaishia wapi? Mvua ikinyesha unapitia wapi? Lokesheni namtumia boda kwanza, ndo nataja bei. Na oda naunganisha kwa barabara wanayoingilia wateja. Jina la eneo siliangalii tena, maana wa Goba anayeingilia Tegeta na wa Goba anayeingilia Mbezi nawahesabu safari mbili.

Mteja wa gauni hajarudi. Mdogo wake ndo kaagiza wiki iliyopita, swali langu la kwanza likawa: dada, korongo mko upande gani?