Walinzi wa besi ya kwanza

Katika besiboli, mpigaji akiugonga mpira ukabingirika ardhini, kazi yake ni moja tu: kufika besi ya kwanza kabla ya mpira. Umbali wenyewe haufiki mita 28, na mwenye mbio nzuri huumaliza kwa sekunde nne na kidogo. Huku nyuma mlinzi mmoja anauokota mpira na kuutupa kwa nguvu zote kuelekea besi hiyo, ambako mwenzake anasubiri. Huyo hujinyoosha mpaka mguu mmoja ubaki umegusa besi huku mkono wenye glavu ukiufuata mpira hewani. Mpira ukitua kwenye glavu kwanza, mkimbiaji ametoka. Eldoret ni mji uliozoea mbio za kilomita 42, na huko sekunde nne zaweza kuonekana si kitu. Katika besiboli ndizo huamua mechi.

Aliyecheza raunda katika shule ya msingi ataitambua sura ya mchezo huu: mrushaji, mpigaji mwenye gongo, na vituo vya kuzunguka mpaka mtu arudi alikoanzia. Tofauti ni kwamba kituo cha kwanza cha besiboli kina mlinzi wake maalumu, mwenye glavu ndefu kuliko za wenzake. Aghalabu huwa mrefu, na wanaotumia mkono wa kushoto hupendelewa, kwa kuwa glavu yao huvaliwa mkono wa kulia, upande unaoelekea uwanja, nao huweza kutupa mpira besi ya pili bila kugeuza mwili.

Kwa kuwa mlinzi huyu hakimbii sana, makocha wengi wamezoea kumweka hapo mtu mzito mwenye gongo kali. Mazoea hayo yamewanyima heshima mafundi wa kweli wa nafasi hii. Keith Hernandez alishinda tuzo ya Glavu ya Dhahabu miaka 11 mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1988, kwa kuthubutu kuwavamia wapigaji na kuokoa mitupo mibovu ya wenzake. Mtupo uliookolewa hauonekani katika hesabu za mpigaji yeyote, lakini bila huo timu hupoteza mchezo.

Jina la kwanza katika historia ya nafasi hii ni Lou Gehrig, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani aliyezaliwa New York mwaka 1903. Juni 1925 timu ya Yankees ilimweka benchi Wally Pipp na kumpa Gehrig besi ya kwanza. Tangu hapo hakukosa mechi hadi 1939: mechi 2,130 mfululizo, rekodi iliyodumu miaka 56. Kilichomsimamisha ni maradhi yanayoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, ambayo hadi leo Wamarekani huyaita kwa jina lake. Tarehe 4 Julai 1939 aliwaaga mashabiki uwanjani, na miaka miwili baadaye akafariki, akiwa na umri wa miaka 37.

Wakati Gehrig aking'ara, Buck Leonard alikuwa akicheza nafasi hiyo hiyo katika timu ya Homestead Grays, kwenye ligi za Weusi, kwa sababu ligi kuu haikumpokea mchezaji mweusi. Alikaa na timu hiyo tangu 1934 hadi 1950. Mlango ulipofunguliwa naye akaitwa, alikuwa ameshapita miaka 40, akakataa. Jumba la Mashujaa wa besiboli la Cooperstown lilimpokea mwaka 1972. Buck O'Neil wa Kansas City Monarchs alisubiri zaidi: mwaka 1962 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha katika timu ya ligi kuu, lakini aliingizwa Cooperstown mwaka 2022, miaka 16 baada ya kifo chake. Kuchelewa huko ni dhuluma ambayo sherehe haiwezi kuifuta.

Mlango wenyewe ulifunguliwa kwenye besi ya kwanza. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Alikuwa amezoea besi ya pili, lakini hapo palikuwa na mwenyewe, akapewa ya kwanza. Hakuna mahali pagumu zaidi kwa mtu aliyechukiwa. Viatu vya besiboli vina meno ya chuma, na kila mpinzani aliyeupiga mpira alikimbia moja kwa moja kuelekea mguu wa Robinson uliokuwa juu ya besi. Alikanyagwa na kutukanwa, akaendelea kucheza, na msimu ulipoisha akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora. Tangu 1997 jezi yake, namba 42, imestaafishwa katika timu zote za ligi kuu.

Nje ya Marekani, anayetajwa kwanza ni Sadaharu Oh wa Yomiuri Giants ya Japani, mwana wa baba Mchina, aliyepiga huku ameinua mguu mmoja. Kati ya 1959 na 1980 aliuvusha mpira juu ya uzio mara 868. Albert Pujols wa Jamhuri ya Dominika aliifanya kazi hiyo mara 703 katika ligi kuu ya Marekani, ingawa mwaka 1999 timu zilikuwa zimechagua vijana 401 kabla yake.

Afrika Mashariki, mchezo huu umeshika mizizi zaidi Uganda. Msafiri wa barabarani kutoka Eldoret kwenda Kampala kupitia Malaba hupita Lugazi, mji wa mashamba ya miwa. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu mashindano ya dunia ya watoto nchini Marekani, wakanyimwa viza kwa sababu ya hati za umri. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na wakaishinda timu ya Oregon 3–2. Mwaka 2015, katika mashindano hayo hayo, Uganda iliifunga Jamhuri ya Dominika, nchi ya Pujols.

Mwaka 2022 Dodgers, timu ya Robinson ambayo sasa iko Los Angeles, iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote ni warushaji. Mkono wenye kasi huonekana mapema, hata kwa kijana ambaye hajacheza mechi nyingi. Mlinzi wa besi ya kwanza husajiliwa kwa gongo lake, na gongo hunolewa kwa kukabili warushaji wazuri miaka mingi, jambo linalohitaji ligi, viwanja na mipira ya kutosha. Mwaka huo huo Dodgers ilimchukua Freddie Freeman kwa besi yake ya kwanza, na Oktoba 2024 mpigo wake mmoja, wenzake wakiwa wamejaa besi zote, uliimaliza mechi ya kwanza ya fainali.