Kovu la Kizazi Si Kosa la Mama

Ndugu wafanyakazi wa Masaka,

Wapo mama na dada zetu ambao mimba iliharibika, wakasafishwa kizazi, na tangu hapo hedhi imepungua au imekatika, wala hawashiki mimba. Majirani husema wamelogwa. Sivyo. Daktari Joseph Asherman aliueleza ugonjwa huu mwaka 1948: kizazi kikikwanguliwa, kuta zake huweza kupata makovu na kushikamana. Kifua kikuu cha kizazi nacho huleta hali hiyo.

Tiba ipo. Daktari hupitisha kamera nyembamba ukeni hadi ndani ya kizazi, akayakata makovu. Baadaye huweza kuweka kipira cha kutenganisha kuta na kumpa mgonjwa dawa za homoni. Lakini makovu huweza kurudi. Lazima mama arudi kuchunguzwa, pengine kukatwa tena.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, mimba changa ikiharibika, kila hospitali itumie dawa au pampu ya kunyonya badala ya kukwangua, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Pili, mwajiri asimkate mshahara mama kwa siku za kurudi kwa daktari.

Akina baba, msiwaache wake zenu. Wasindikizeni.