Mwombee mtoto, kisha mnyweshe

Wapendwa, Yairo alipoona binti yake yu mahututi, hakukaa nyumbani kusubiri. Alitoka kutafuta msaada. Na Yesu alipomwinua binti huyo wa miaka 12, aliagiza apewe chakula (Marko 5:21-43). Hata baada ya muujiza, mtoto alihitaji kula.

Lakini mtoto akiharisha, wazazi wengi humnyima maji na chakula wakidhani tumbo litapumzika. Hapo ndipo penye hatari, maana kinachoua upesi ni kuishiwa maji mwilini. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, ukikoroga pakiti kwa maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee kula. Akiandikiwa vidonge vya zinki, amalize dozi ya siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha.

Ukiona macho yamedidimia, choo kina damu, amelegea au hawezi kunywa, usingoje ibada iishe. Mkimbize kituo cha afya. Sala utaisema njiani. Mungu husikia hata mtu akiwa juu ya bodaboda.