Tamthilia Isituvunjie Ujirani

Akina mama wa Lukuledi hatukosi la kuzungumza. Kuna bei ya korosho, kuna mvua, kuna mahitaji ya shule. Lakini jua likishatua, mahali penye televisheni zungumzo huwa moja tu: kesho itakuwaje? Nani atakufa? Nani atamgeuka mwenzake? Swali hilo dogo hutupa kicheko cha kutosha. Mara nyingine, hata hivyo, huleta nuna baina ya watu waliokuwa wakiombana hata chumvi. Mama msomaji, hebu tulitazame jambo hili kwa makini, maana linagusa nyumba zetu.

SULTANI ALIPOINGIA NYUMBANI

Mwishoni mwa miaka ya 2010, Azam TV ilionyesha tamthilia ya Kituruki iliyoitwa Sultan, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Kwao Uturuki ilikuwa imeonyeshwa tangu mwaka 2011 hadi 2014. Kwa sababu ya Kiswahili hicho, bibi asiyejua kusoma aliweza kuifuata sawa na mjukuu wake wa sekondari. Nyumba yenye king'amuzi ikawa baraza. Watu walipika mapema, wakaja na mikeka yao.

Kisa chenyewe kinamhusu Sultani Suleiman, aliyetawala tangu 1520 hadi 1566. Mahidevran alikuwa mama wa mwanawe Mustafa, kijana aliyependwa na askari. Kisha akaja Hurrem, msichana aliyetekwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akaletwa ikulu kama mtumwa. Sultani akampenda, akamzalisha, na mwishowe akamwoa kwa ndoa halali. Pembeni alikuwapo Ibrahim Pasha, rafiki wa Sultani tangu ujana na waziri wake mkuu. Wake wawili, watoto wa baba mmoja, na kiti kimoja cha enzi! Ni mama gani angetazama kisa hicho akanyamaza?

NAMNA TATU ZA KUTABIRI

Ukiwasikiliza watazamaji utawaona ni wa makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wasoma dalili. Kazi hii sisi wauguzi tunaifahamu. Mgonjwa haanzi kwa kuzirai. Kwanza hukosa hamu ya kula, macho hubadilika, maneno hupungua. Ibrahim Pasha alipoanza kujisifu mbele ya wajumbe wa nchi za kigeni kwamba mambo ya dola yote yamo mikononi mwake, akina mama wenye macho walitikisa kichwa wakasema huyu hafiki mbali. Walisema kweli.

Kundi la pili hufuata imani moja tu: steringi hafi. Hao ndio waliomtetea Mustafa hadi dakika ya mwisho. Kijana mwema, shujaa, anayependwa na watu, atauawaje na baba yake mzazi?

Kundi la tatu ni wanaojua tayari, kwa kuwa wamesoma historia au wamechungulia kwenye simu. Hawa hawatabiri, wanatangaza. Wanajua kwamba Ibrahim aliuawa kwa amri ya Sultani mwaka 1536, kwamba Mustafa alinyongwa katika hema la baba yake mwaka 1553, na kwamba Hurrem alifariki 1558. Aliyehangaika miaka yote hiyo ili mwanawe atawale hakuwahi kumwona Selim akikalia kiti mwaka 1566.

Hata hivyo lilikuwapo jambo moja ambalo makundi yote matatu hayakuliona. Mwaka 2013 mwigizaji Meryem Uzerli, aliyekuwa Hurrem, aliiacha kazi hiyo akieleza kuwa alikuwa amechoka kupita kiasi. Nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Barazani watu wakabishana kama yule ni Hurrem yuleyule au ni mtu mwingine. Hakuna dalili ndani ya hadithi ambayo ingeonyesha kwamba mwigizaji ameelemewa.

KILA MMOJA HUJA NA NYUMBA YAKE

Tukiulizana kwa nini mabishano haya huwa makali, wengi watasema ni utani. Mimi nadhani kuna zaidi. Mama akisema, "Mahidevran atarudi tu, mume atajuta," huenda hamsemei Mahidevran. Na anayesema, "Hurrem ameteseka, acha na yeye ale," huenda anayakumbuka mateso yake mwenyewe. Tunapotabiri mwisho wa hadithi, mara nyingi tunasema mwisho tunaoutamani sisi.

Nimeshuhudia tunda chungu la kutolitambua jambo hilo. Majirani wawili walibishana juu ya Mahidevran. Mmoja akasema ataondoshwa ikulu, kwa sababu mwanamke anayeachwa ni yule asiyejua kumshika mume. Maneno hayo yalimtoka katika joto la ubishi. Mwenzake alikuwa ameachwa mwaka uliotangulia, na baraza zima lilijua. Alijifunga kanga yake vizuri, akamshika mtoto mkono, akaondoka. Tangu siku hiyo salamu zikafa.

Miezi michache baadaye mtoto huyo akapata homa kali usiku, kisha degedege. Nyumba ya jirani ilikuwa hatua chache, na pikipiki ilikuwapo uani. Mama akaupita mlango ule, akaenda kugonga mbali zaidi. Nilipompokea, mtoto alikuwa bado anatupa mikono na miguu. Alipona, na tunamshukuru Mungu, lakini degedege la malaria halimngoji mtu amalize kununa. Yule jirani alipopata habari asubuhi alikuja analia, akapiga magoti mbele ya mwenzake. Tabiri yake juu ya Mahidevran ilikuwa sahihi. Ilimfaa nini?

KUJUA MWISHO SI KUSHINDA

Mwaka 2014 kipindi cha kuuawa kwa Mustafa kilipoonyeshwa Uturuki, watu walilia, na wengi wakaenda kulizuru kaburi lake katika mji wa Bursa. Mwisho wake ulikuwa umejulikana kwa zaidi ya miaka 450! Sisi nasi tulipokuwa wadogo tuliijua hadithi ya Sungura na Fisi kabla bibi hajafungua kinywa. Bado tulimsogelea na kumwomba asimulie tena. Raha ilikuwa ni kukaa pamoja.

Hata Biblia inatupa kisa cha ikulu kinachofanana na hiki. Katika kitabu cha Esta yumo binti wa watu waliohamishwa kwao, akaingizwa katika nyumba ya mfalme wa kigeni. Yumo pia Hamani, mkubwa aliyelewa cheo kama Ibrahim Pasha. Nani angetabiri kwamba atatundikwa kwenye mti aliomwandalia Mordekai? Kisa hicho tunakijua tangu Shule ya Jumapili, na bado kikisomwa tunatega masikio. Mwisho wa mambo umo mikononi mwa Mungu. Sisi tumepewa kutendeana mema njiani.

MASHAURI KWA AKINA MAMA

Kwanza, kama umeshajua mwisho, funga kinywa mpaka uulizwe. Kuna mama aliyechuma korosho kutwa nzima na furaha yake ni hiyo saa moja tu. Usimnyang'anye.

Pili, bishaneni juu ya watu wa kwenye televisheni, msivuke mkawaingia watu wa mkekani. Ukiona neno linaanza kufanana na maisha ya mtu aliyepo, ligeuze upesi.

Tatu, msiwekeane fedha. Utani ukishawekewa dau si utani tena, hasa kama fedha yenyewe ni ya sabuni au ya kikundi.

Nne, waulizeni watoto wanatabiri nini, na kwa nini. Mtoto anayesema "atamdanganya tu, wanaume ndivyo walivyo" anakuambia jambo alilolijifunza mahali fulani. Ni nafasi nzuri ya kuzungumza naye. Na picha zisizofaa umri wake zikija, mlaze mapema.

Tano, ikitokea mmekwazana, msilale siku ya pili bila kusalimiana. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso juu ya kuiacha hasira ipitilize machweo ya jua, na onyo hilo linatufaa hata sisi tunaotazama televisheni jua likiwa limeshatua.

Tamthilia ya Sultan ilikwisha, nyingine zimefuata, na nyingine zitakuja. Zote zitapita. Atakayebaki ni jirani yako, yule utakayemgongea mlango usiku mtoto akichemka homa. Kama kuna mlango ambao umeacha kuugonga kwa sababu ya ubishi wa namna hii, mama mwenzangu, usingoje kipindi cha kesho. Nenda leo ukapige hodi.