Taya Iliyooteshwa Mgongoni

Tangu Babati ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, majengo mengi mapya yameinuka mjini humo. Msomaji aliyewahi kutazama ujenzi wa ghorofa anajua kwamba ukuta ukizidi kimo cha mtu, waashi husimamisha kiunzi cha milingoti, wakasimama juu yake na kuendelea kupanga matofali. Kazi ikikamilika, kiunzi huondolewa. Katika makala haya tutaona jinsi wataalamu wanavyojaribu kuijenga taya ya binadamu kwa kanuni inayofanana na hiyo.

Pengo lisilozibika

Miongoni mwa uvimbe wa taya unaotibiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, uko uitwao ameloblastoma. Chanzo chake ni seli zihusikazo na utengenezaji wa meno. Mara nyingi hauumi. Hukua polepole kwa miaka, hata mgonjwa akauzoea au akaudhania kuwa jino bovu. Ukiwa umekwisha kuenea, daktari hulazimika kukata sehemu ya taya.

Mfupa uliovunjika huunga kwa sababu ncha zake zimekaribiana. Lakini pengo la sentimita kadhaa halizibiki lenyewe. Hujaa kovu laini. Kwa hiyo madaktari hutia bamba la titani, au huhamisha kipande cha mfupa kutoka nyonga au mguu wa mgonjwa. Njia hiyo hufaa, ila humwachia mgonjwa jeraha la pili.

Jaribio la darasani

Je, mfupa umeundwa na nini? Chukua mifupa miwili ya kuku iliyosafishwa. Mmoja uloweke katika siki kwa muda wa wiki moja. Mwingine, chini ya uangalizi wa mwalimu, uchomwe nje kwenye jiko la mkaa hadi uwe mweupe. Wa kwanza utapindika, kwa kuwa asidi imeyeyusha madini na kubakiza protini iitwayo kolajeni. Wa pili utakatika upesi, kwa kuwa moto umeunguza kolajeni na kubakiza madini.

Mwaka 1965 Marshall Urist wa Marekani alieleza jinsi alivyopandikiza mifupa iliyoondolewa madini kwa asidi ndani ya misuli ya wanyama. Mfupa mpya ukaota mahali ambapo haukupaswa kuwapo. Ilidhihirika kwamba ndani ya mfupa mna protini zinazoziamuru seli kujenga.

Basi mambo matatu yanahitajika: kiunzi cha kushikilia, protini za kuamuru, na seli za kujenga. Seli hizo hutokana na seli shina, yaani seli ambazo bado zina uwezo wa kugeuka kuwa za aina mbalimbali. Baadhi yake hupatikana katika uboho.

Mgonjwa wa Kiel

Mwaka 2004 Patrick Warnke na wenzake wa Kiel, Ujerumani, walitangaza habari za mwanamume wa miaka 56 aliyepoteza sehemu ya taya kwa saratani. Walitengeneza wavu wa titani wenye umbo la taya yake, wakaujaza madini ya mifupa ya ng'ombe, protini ya kuamuru, na uboho wa mgonjwa mwenyewe. Wakaupandikiza katika msuli wa mgongo wake kwa wiki 7. Mfupa ulipoota, waliuhamishia kinywani pamoja na mishipa yake ya damu. Wiki 4 baadaye alikula chakula kigumu kwa mara ya kwanza baada ya miaka 9.

Kwa nini mgongoni? Seli zilizo katikati ya kiunzi kikubwa hufa zikikosa oksijeni. Msuli ule ulikuwa kitalu chenye damu ya kutosha.

Hata hivyo, hiyo haijawa tiba ya kawaida. Inahitaji upasuaji zaidi ya mmoja na gharama kubwa. Tena protini iamuruyo seli kujenga huenda ikachochea na seli zisizotakiwa, jambo la kuangaliwa sana kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

Kwa mkazi wa Babati, ambaye hata Arusha iko umbali wa kilomita 170 hivi, funzo la leo ni jepesi zaidi. Uvimbe wa taya unaoendelea kukua, hata usipouma, upelekwe hospitali mapema. Pengo likiwa dogo, kazi ya kulijenga huwa nyepesi, na huenda sura ya mgonjwa isibadilike hata kidogo.