Ngoma za Embu: Soko Lipo, Mwenye Mali Yuko Wapi?

Muhula wa pili wa shule ukifika, ngoma za wazee wa Embu, Mbeere na Chuka hugeuka bidhaa. Shule huzicheza kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na mashindano yake hupandwa kwa ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha fainali za kitaifa mwezi Agosti. Shule ikishinda, inafunga safari nyingine, na kila safari ina wa kuilipia na wa kulipwa.

Wa kwanza kulipwa ni mkufunzi wa nje, mwenye kujua wimbo, hatua na mpangilio wa sauti. Fundi cherehani hushona maleba. Mchongaji hutoboa gogo na kuwamba ngozi ili kupata ngoma ndefu ambayo Wachuka huibana kwa mapaja wakiiinamisha mbele. Mwenye basi hulikodisha, na mama wa chai na chapati hupata wateja langoni mwa shule mwenyeji.

Tatizo ni msimu. Fainali zikiisha, vikundi vya vijijini hutegemea harusi, sikukuu za kitaifa na mikutano ya wanasiasa. Watalii nao wameonyeshwa utamaduni huo mbali na vijiji hivyo: kituo cha utamaduni cha Bomas of Kenya, kilichoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1971, kilijengewa boma la Waembu miongoni mwa maboma yake. Waembu wamesifika pia kwa wachezaji wa mironjo, yaani wanaocheza juu ya miti mirefu, lakini sifa haijazi mfuko wa mchezaji.

Katika mnyororo huu wa malipo, wengi hulipwa kwa kazi ya siku. Jamii iliyoutunza wimbo vizazi na vizazi haina risiti ya kudai chochote. Dawa imo katika sheria: Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kuandikisha sanaa za jamii zilizomo, na anayetaka kuzitumia kibiashara hutakiwa kupata idhini ya wenyewe.

Kwa hiyo kaunti za Embu na Tharaka Nithi, wanakoishi Waembu, Wambeere na Wachuka, zianze na daftari: ngoma gani, ya jamii gani, nani wa kutia saini. Vikundi navyo vijisajili, vifungue akaunti ya benki na vidai mkataba kabla ya kupanda jukwaani. Bila karatasi, makofi ndiyo malipo pekee yaliyo na uhakika.